Upande wa Chini wa Kiti

Barua ilipofika, Herdis Overgaard aliigeuza mara tatu kabla ya kuifungua. Bahasha ilikuwa nzito, nyeupe, na jina lake limeandikwa kwa mkono wala si kwa mashine. Katika miaka yake sabini na tisa alikuwa amejifunza kwamba mtu akikuandikia kwa mkono, ama kafiwa, ama anataka kitu.

Ndani mlikuwa na mwaliko. Makumbusho ya Nørrevig yamefungua maonyesho ya viti mashuhuri vya Denmark, na yeye anaombwa afike Alhamisi saa tano asubuhi. "Kuna jambo linalokuhusu wewe binafsi," barua ilisema. "Tutakunywa kahawa." Machale yakamcheza hapo hapo. Alimpigia simu binti yake Merete, anayeishi Aarhus, akamsomea barua nzima pamoja na tarehe na sahihi.

"Mama, ni kahawa tu," Merete alisema.

"Hakuna kahawa tu. Jambo linanihusu, halafu hawalitaji? Mwenye jambo jema hulisema."

"Labda wanataka kukuenzi. Umesuka viti miaka thelathini na mitatu."

"Kunienzi mimi? Mimi nani?"

"Mama, usiniambie ni habari ya Rigmor tena."

"Kwani nimemtaja mtu?"

"Hujamtaja. Ndiyo maana nauliza."

Herdis alisema ana maziwa jikoni, akakata simu. Hakuwa na maziwa jikoni. Alikuwa na hasira ya miaka arobaini na minne, na hiyo haihitaji moto ili ichemke.

Hapa kwetu Nørrevig, mtu kujiona mtu ni kosa kubwa kuliko kuiba baiskeli. Ukisifiwa, unakataa, ukisifiwa tena, unasema hali ya hewa imebadilika. Katika karakana ya mzee Bjerregaard, ambako nusu ya mji ilifanya kazi, hakuna fundi aliyeruhusiwa kuandika jina lake mahali popote. Chini ya fremu kulichomwa muhuri wa karakana, basi. Watu wakiona kiti kizuri humsifu aliyekichora, na wakibakiwa na pumzi humsifu aliyechonga mbao. Aliyesuka kikalio, ambacho ndicho pekee wanachokutana nacho wakikaa, hawamuulizi.

Wasukaji walikuwa sita, wote wanawake, na bora kati yao walikuwa wawili: Herdis na Rigmor Thestrup. Walikuwa mashoga wa kufa na kuzikana. Walianza kazi wiki moja, wakakaa benchi moja, wakabadilishana mkate wa mchana, mmoja ana wa samaki, mwenzake ana wa maini ya kusaga. Tofauti yao ilikuwa moja tu. Kikalio husukwa kwa kamba ya karatasi inayokazwa kuzunguka fremu; kipande cha kamba kikiisha huungwa kingine kwa fundo, na fundo hufichwa chini. Herdis alitumia mkono wa kushoto na kuzunguka fremu kinyume cha wenzake, kwa hiyo mafundo yake yote yalilala upande wa kushoto. Ya wenzake yalilala kulia. Kwa juu hata Bjerregaard mwenyewe hakuona tofauti.

Mwaka wa 1979 Bjerregaard aliwaambia hao wawili kila mmoja asuke kiti cha muundo namba kumi na saba, kiti cha mwaloni chenye mgongo uliopinda, ambacho ndicho kilichoijengea karakana jina. Kitakachoshinda kitapelekwa Copenhagen kwenye maonyesho makubwa, na aliyekisuka atakwenda nacho, akae wiki nzima akisuka mbele ya watu. Ijumaa jioni wakavimaliza. Kila kiti kilifungwa kijikaratasi cha jina mguuni kwa uzi. Herdis aliweka chake karibu na dirisha, akaenda nyumbani. Rigmor ndiye aliyebaki nyuma kufunga mlango.

Jumatatu asubuhi, Bjerregaard alikuwa amesimama kando ya kiti cha dirishani.

"Hiki," alisema. "Hiki cha Rigmor."

Kabla Herdis hajakitua kikombe chake, kiti kilikuwa kimeshafungwa blanketi na kupakiwa kwenye lori. Lakini kilikuwa dirishani! Kiti cha dirishani kilikuwa chake, aliwaza, na kijikaratasi mguuni kimebadilishwa, na mwenye ufunguo ni mmoja. Mchana, mbele ya meza nzima, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa wachonga mbao, "Kuna watu humu huvuna shamba wasilolima." Kila mtu alijua anasemwa nani. Rigmor alikunja karatasi ya mkate wake mara mbili, akaitia mfukoni, hakujibu neno. Herdis akaona hilo ndilo jibu. Asiye na hatia angepiga kelele.

Kile kiti kingine kilibaki karakana siku nne kisha kikauzwa kwa daktari wa meno wa Odense.

Rigmor akaenda Copenhagen, akapigwa picha, picha ikatoka gazetini. Aliporudi, Herdis alikuwa amehamisha mto wake wa kukalia hadi mwisho wa benchi. Waliendelea kusuka katika chumba kimoja miaka kumi na tisa zaidi, hadi karakana ilipofungwa, bila kusemezana. Herdis alikuwa akisema, "Mwambieni Rigmor anisogezee nyundo," na Rigmor amekaa umbali wa mkono. Na nyundo ilikuwa ikisogezwa. Baada ya hapo yakaja mazishi ya waume wao, kila mmoja akamwona mwenzake kanisani kwa mbali. Mji wetu una duka moja tu la mikate, nao wakagawana siku bila mkataba wowote: Rigmor Jumatano, Herdis Jumamosi.

Sasa unaelewa kwa nini barua ya kahawa ilimnyima raha.

Alhamisi alivaa koti lake zuri la buluu akaenda kwa baiskeli, upepo wa Novemba ukimpiga kifuani. Njiani alikariri maneno. Alishajua atakachokikuta: kiti namba kumi na saba kimerudishwa kutoka Copenhagen, na mbele yake jina la Rigmor Thestrup kwa herufi kubwa, na Rigmor mwenyewe kando akichekacheka. Nao wamemwita yeye ili apige makofi. Basi angewaambia. Safari hii angesema mpaka mwisho.

Mlangoni alitoa pochi, mwanamke wa tiketi akatikisa kichwa. "Wewe hulipi, bibi Herdis."

"Nani kakwambia jina langu?"

"Tumeambiwa tukupokee."

Hapa pana namna, Herdis aliwaza, akairudisha pochi ndani ya mkoba na kufunga zipu mpaka mwisho.

Makumbusho yetu ni kiwanda cha zamani cha maziwa, na ukuta bado una ubaridi ule ule. Viti vilikuwa vimepandishwa kwenye majukwaa meupe yenye kimo cha kiganja, kila kimoja na taa yake, kila kimoja na kibao: TAFADHALI USIKIKALIE. Vyumba vitatu vya viti, na hapakuwa na pa kukaa. Mlinzi, Preben, mwanamume mnene aliyekuwa akisimama siku nzima katikati ya viti sitini, alimtazama Herdis kwa huruma ya mtu anayeumwa miguu.

Herdis alipita polepole, mikono nyuma, kama afisa wa afya katika bucha. Hiki kimepakwa vanishi mpya. Hiki mguu mmoja si wake. Hiki kimesukwa na mtu mwenye haraka, tazama pembe ile inavyolegea. "Na hiki," alimwambia Preben, "hakijawahi kukaliwa na mtu hata siku moja. Kimetengenezwa kwa ajili ya kutazamwa."

"Mimi naona vyote vinafanana, bibi."

"Ndiyo maana wamekuweka ulinde."

Chumba cha mwisho kilikuwa cha karakana ya Bjerregaard. Kiti namba kumi na saba kilikuwa peke yake katikati, mwaloni umeiva rangi ya asali, kamba imekuwa ya kahawia kwa uzee lakini imekaza kama siku ile. Herdis alikijua kabla hajavuka kizingiti. Moyo ulimpiga kwa nguvu, akajikasirikia kwa hilo. Kisha akainamia kibao, amejiandaa kwa vita.

*Kikalio kimesukwa na Herdis Overgaard, 1979.*

Alisoma mara ya pili. Akavua miwani, akaifuta kwa skafu, akasoma mara ya tatu.

Alifurahi. Hilo lisemwe, kwa sababu yeye mwenyewe asingelisema. Furaha ilimpanda kutoka miguuni kama maji ya moto, na kwa dakika nzima alikuwa tena mwanamke wa miaka thelathini na mitano. Halafu akapoa, na shaka ikarudi mahali pake ilipozoea kukaa.

Msichana mmoja mwenye miwani mikubwa alikuwa amefika kando yake, vikombe viwili mkononi. Alijitambulisha kuwa ni Sidsel, msimamizi wa maonyesho, yeye ndiye aliyeandika barua.

"Tulitaka uone kwanza peke yako," Sidsel alisema. "Umefurahi, bibi Herdis? Tunamsubiri mpiga picha wa gazeti. Keki ipo."

"Nani kawaambia ni mimi?"

"Bibi Rigmor Thestrup. Orodha ya zamani ya Copenhagen ilikuwa na jina lake yeye, kwa hiyo tulimpigia kuhakikisha. Akasema, hapana, orodha imekosea, hicho ni cha Herdis. Futeni jina langu."

Herdis alikishika kikombe asikinywe. "Alisema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Alisema hata herufi za jina lako, tusikosee."

"Anataka nini?"

Sidsel akacheka, akaona mwenzake hacheki. "Sidhani kama anataka kitu, bibi."

"Binti yangu, wewe ni mtoto. Mtu aliyekaa na kitu miaka arobaini na minne hakiachii bure. Ananiwekea mtego. Nipigwe picha, nitoke gazetini nimetoa meno nje, halafu yeye atoe lake." Alimpa Sidsel kikombe. "Simu yako ina taa?"

"Ina taa, lakini—"

"Nipe."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Herdis aliinama. Kwanza goti moja, kisha la pili, kisha akajilaza chali sakafuni na koti lake la buluu, akajisukuma kwa visigino hadi kichwa kikapanda jukwaani, chini ya kiti. Preben alikuja mbio.

"Bibi! Bibi, umevuka mstari! Hairuhusiwi kupita hapo!"

"Sijagusa kitu. Nimelala."

"Kulala nako hakuruhusiwi!"

"Mwache, Preben," Sidsel alisema.

Mume na mke kutoka Ujerumani wakasimama mlangoni wakitazama miguu ya bibi kizee imetokeza chini ya kiti mashuhuri. Mume akasoma kibao. Kisha akapiga picha kwa heshima, akidhani ni sehemu ya maonyesho.

Huko chini palinukia mbao na vumbi la karatasi. Herdis akawasha taa. Muhuri wa Bjerregaard ulikuwepo, umefifia. Akasogeza mwanga upande wa kushoto, kule mafundo yake yalikolala siku zote, na hakukuta fundo hata moja. Kamba ilipita laini, safu kwa safu. Akasogeza mwanga kulia.

Yalikuwa yote pale. Madogo, yamepangana, yamekatwa ncha fupi kama alivyopenda kukata Rigmor, maana Rigmor hakuweza kuvumilia ncha ndefu. Herdis aliyahesabu, ingawa hapakuwa na haja. Akarudi kushoto kutazama tena. Akajiuliza kama kushoto kwake sasa ni kushoto kwa kiti, akageuza kichwa, akatafuta ukingo wa mbele, akapima upya. Jibu halikubadilika.

Hicho hakikuwa kiti chake. Hakijawahi kuwa chake hata siku moja.

Alibaki amelala. Taa ya simu ilikuwa ikimulika ukutani na yeye hakuizima. Alikumbuka kile kingine, kile cha daktari wa meno. Siku nne kilikaa karakana, kando ya stovu, na yeye akikipita asubuhi na jioni. Kuinama kusingemgharimu kitu. Miaka thelathini na mitano alikuwa nayo, magoti mazima. Hakuinama kwa sababu alikuwa na uhakika, na sasa, chali chini ya taa za makumbusho, aliona kwamba uhakika ule ulikuwa na woga ndani yake. Aibu ikamshika vibaya, akafumba macho.

"Bibi Herdis?" Sidsel aliuliza kutoka juu. "Uko salama?"

"Niko."

"Umeona ulichotaka?"

Herdis akaizima taa. Hakuna mwingine duniani aliyejua kusoma mafundo yale isipokuwa Rigmor, na Rigmor alishasema lake. Angeweza kunyamaza. Angetoka, ajipanguse vumbi, anywe kahawa, apigwe picha, na jina lake likae pale baada ya yeye kwenda kaburini, Merete awalete wajukuu walione. Alilitamani jambo hilo kwa uchungu, na hakuna wa kumlaumu.

"Nivuteni," alisema.

Preben akashika mkono mmoja, Sidsel mwingine. Aliposimama alijipangusa koti, akamrudishia Sidsel simu yake.

"Kibao chenu kina kosa," alisema. "Kiondoeni. Mpiga picha mwambieni angoje."

"Lakini bibi Rigmor alisema—"

"Rigmor kadanganya. Orodha yenu ilikuwa sahihi tangu mwanzo." Akafunga vifungo vya koti hadi shingoni. "Keki nifungieni? Hapana, acheni. Nitanunua ya kwetu."

Ilikuwa Alhamisi, siku isiyo yake wala ya Rigmor, na muuza mikate alishangaa kumwona. Alinunua mkate mtamu wa lozi, ule mrefu wa kusokotwa ambao zamani walikuwa wakigawana nusu kwa nusu siku ya mshahara. Akautundika kwenye usukani wa baiskeli, akaenda hadi nyumba za wazee nyuma ya kanisa. Kwenye mlango namba sita alisimama muda mrefu. Majirani wawili walishamwona kutoka dirishani kabla hajabonyeza kengele.

"Uko wazi!" sauti ilisema ndani.

Rigmor alikuwa amekaa mezani kando ya dirisha. Alikuwa amepungua, nywele zimekuwa nyeupe tupu, na mkono wake wa kulia ulilala mapajani umekunja vidole, hausogei. Herdis alikuwa amesikia Jumamosi moja dukani kwamba Rigmor kapooza upande. Alisikia, akalipia mkate, akaondoka. Mezani kulikuwa na vikombe viwili.

"Una mgeni," Herdis alisema, bado mlangoni, shaka yake ikimtangulia kama kawaida.

"Hapana. Naviweka tangu wale wa makumbusho waliponipigia. Ingia, unaniletea baridi."

Herdis akaingia. Aliweka mkate mezani bila kuvua koti.

"Kiti ni chako," alisema.

"Najua. Mimi ndiye niliyekisuka."

"Kilikuwa dirishani."

"Jumamosi mfagiaji alivisogeza vyote apate kupiga deki. Ungeuliza, ungeambiwa."

"Na wewe kwa nini hukusema? Siku ile mezani, kwa nini hukufungua mdomo?"

"Niseme nini? Nisimame mbele ya watu niseme mimi ndiye bora?" Rigmor alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini hakutembea uchi. "Kile chako kilikuwa pale pale kando ya stovu. Siku nne, Herdis. Nilikuwa nikikutazama unavyopita. Kila ukipita nasema, sasa hivi atainama."

Herdis alivuta kiti akakaa. Kilikuwa kiti cha kawaida cha plastiki, na magoti yake yalikishukuru.

"Nimeinama leo," alisema.

"Kumbe. Na magoti yalikubali?"

"Nimelala chini kabisa. Mjerumani kanipiga picha."

Rigmor alicheka, upande mmoja wa mdomo tu, kisha akaacha.

"Na kwa nini uliwapa jina langu?" Herdis aliuliza. "Nilidhani ni mtego."

"Nilijua utadhani hivyo. Ningekwandikia barua ya mapatano ungeichoma. Nikasema, huyu nikimpa kitu bure atakuja kuchunguza."

Nje, kengele ya kanisa ilipiga saa sita. Herdis alitazama mkono ule uliolala mapajani, mkono uliokata ncha zile fupi.

"Nilikukosea," alisema.

Alingoja aambiwe yamekwisha, si kitu, ni mambo ya zamani. Ndivyo tunavyosema hapa.

"Ndiyo," Rigmor alisema. "Ulinikosea."

Herdis akaitika kwa kichwa. Akavua koti, akalitundika kwenye mgongo wa kiti, akatafuta kisu kwenye droo ya pili, ambamo Rigmor alikuwa akiweka visu tangu nyumba yake ya kwanza. Aliukata mkate nusu kwa nusu. Kisha nusu ya Rigmor akaikata tena vipande vidogo vidogo, vya kuokotwa kwa mkono wa kushoto.